Nilivyotibiwa fizi Malindi: tathmini ya kliniki moja ya meno

Naandika tathmini hii kwa ajili ya watu wa Lamu na visiwa vyake ambao wana vidonda vya kinywani visivyokwisha na hawajui waende wapi, kwani mimi mwenyewe nilikuwa katika hali hiyo kwa miezi 14. Kliniki ninayoizungumzia iko Malindi, upande wa Shela (Shela ya Malindi, si Shela yetu ya mchangani), juu ya duka la vitambaa, na ngazi zake ni za kupumulia mara mbili kabla ya kufika. Jina lake silitaji, kwa kuwa nina mengi ya kuisifu lakini pia nina ya kuilaumu, na sipendi kumlaumu mtu hadharani asipokuwapo kujitetea.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa fizi. Kila nikipiga mswaki natema damu, na fizi za mbele zikawa nyekundu zinazong'aa, kana kwamba ngozi yake ya juu imebanduliwa. Baadaye yakaja maumivu ndani ya mashavu yote mawili. Achari ya ndimu niliiacha kwanza, kisha nikaacha pilipili, kisha ukwaju, na mwisho hata mkate wa mofa ukawa unanikwaruza, ikabidi niuloweke katika mchuzi kama mtoto anayeota meno. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ni kusema kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kusoma ukurasa mmoja wa ushairi kwa sauti darasani kulikuwa kunaniacha na machozi ambayo wanafunzi waliyadhania kuwa ni ya mahaba ya lugha.

Nilikwenda duka la dawa nikapewa dawa ya kuvu ya kusukutua, kisha antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine kali zaidi. Mahali pengine pa matibabu waliniambia ni usafi mbaya wa meno na wakataka kuning'oa mawili. Nyumbani nilitumia asali, maji ya chumvi na mafuta ya habasoda, na kila mgeni aliyekuja alikuwa na dawa yake. Lililoniuma kuliko fizi ni siku nilipogundua kwamba jamaa yangu mmoja ametenga kikombe changu kabatini, akakifunika kwa kisahani, ili watoto wasikiguse. Hakusema neno, nami sikumuuliza.

Safari ya kutoka Lamu hadi Malindi wengi mnaijua: boti hadi Mokowe, basi la alfajiri, Witu, Gamba, Garsen, vizuizi vya ukaguzi njiani, kisha Gongoni, Mambrui na daraja la Sabaki. Niliambatana na mtoto wa dada yangu. Miadi yangu ilikuwa saa nane mchana, nikaonwa saa kumi na nusu, na hili ndilo lawama langu la kwanza. Mtu aliyetoka mtaani Malindi anaweza kustahimili kusubiri saa mbili na nusu. Aliyetoka Lamu atapitwa na usafiri wa kurudi, naye atalala. Mimi nina shemeji Maweni, nikalala kwake, lakini si kila mtu ana shemeji Maweni.

Kilichofuata ndani ya chumba cha daktari kilinifanya nisahau benchi kwa muda. Daktari ni mwanamke, kwa umri ni mwanangu, na alianza kwa kuniamkia, akaniita Mwalimu, kisha akaniomba nimwonyeshe dawa zote ninazotumia. Nilikuwa nimeambiwa kwa simu nizibebe, na sikuelewa ni kwa nini mtu wa meno ashughulike na dawa zangu za presha. Alieleza kwamba zipo dawa, zikiwamo baadhi ya dawa za presha kama enalaprili niliyokuwa nikimeza, na hata baadhi ya dawa za maumivu, ambazo kwa watu wachache huamsha kinywani hali inayofanana kabisa na ugonjwa aliokuwa akiushuku. Hakuniamuru niache dawa; aliandika barua kwa daktari wangu wa presha wa Lamu, akamwomba afikirie kunibadilishia, na akanionya nisiiache mwenyewe hata kwa siku moja. Nilibadilishiwa, na baada ya miezi mitatu fizi hazikuonyesha tofauti yoyote, ikajulikana kwamba dawa haikuwa na kosa.

Kisha alitazama. Nasema alitazama kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amenitazama kwa zaidi ya dakika moja. Alivuta mashavu kwa kioo kidogo, akakausha utando kwa kitambaa, akajaribu kufuta weupe uliokuwapo. Weupe wa kuvu, alisema, aghalabu hufutika ukaacha wekundu chini yake. Huu wangu haukufutika. Akanipa kioo nijionee mwenyewe. Ndani ya mashavu yangu, kulia na kushoto, kulikuwa na mistari myembamba myeupe iliyopishana na kuungana, na mimi niliyekua nikimwona mama akidarizi kofia za vito niliona mara moja inafanana na nini: ni kofia iliyokwisha kuchorwa, kabla sindano haijaanza kuijaza. Mistari hiyo ina jina la daktari wa Kifaransa, Wickham, aliyeieleza mwaka 1895, na ugonjwa wenyewe ulikwisha kupewa jina na Mwingereza Erasmus Wilson mwaka 1869: laikeni planasi. Niliona faraja ya ajabu kujua kwamba kitu kilichonitesa kina jina, na kwamba jina hilo lina umri mkubwa kuliko Reli ya Uganda.

Aliuliza kuhusu tambuu. Nilimjibu kwamba mimi hutafuna harusini tu, naye akapima kwa rula upana ambao mdomo wangu unaweza kufunguka, kwa sababu popoo ina madhara yake: hukakamaza utando wa kinywa hadi mdomo ukawa haufunguki sawasawa, na huo ni ugonjwa mwingine, tena ni wa hatari. Aliangalia pia jino langu lililozibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki, maana kuna wanaopata mabaka pale tu shavu linapogusana na jino kama hilo. Yangu yalikuwa kila mahali, kwa hiyo jino likaachwa.

Baada ya hapo alimwomba kijana wangu atoke nje kidogo, akafunga mlango, akaniuliza kama nina vipele vya zambarau vinavyowasha viwikoni au kwenye vifundo vya mikono, kama kucha zangu zimebadilika, kama macho yanawaka, na kama nina maumivu sehemu za siri. Aliuliza kwa heshima na kwa Kiswahili kilichositirika, na akaeleza sababu: ugonjwa huu haukai kinywani peke yake kwa kila mtu, na kwa wanawake huweza kuwa na kovu sehemu hizo bila mgonjwa kuhusisha mambo hayo mawili. Kwa miezi 14 hakuna aliyekuwa ameniuliza. Jibu langu nimemwachia yeye.

Nikaambiwa ni lazima kukatwa kipande kidogo cha utando kipelekwe maabara Nairobi. Niliogopa, lakini ganzi yenyewe ndiyo iliyouma; baada yake ni nyuzi mbili na uji wa baridi kwa siku tatu. Jambo nililojifunza hapo ni kwamba hawakati katikati ya kidonda, kwa kuwa kidonda kikishachimbika hakina tena utando wa kusomwa; hukata pembezoni, pale panapoonekana pazima au karibu na pazima. Na vipande ni viwili. Kimoja hutiwa katika formalini, dawa ya kuhifadhia, kikatwe vipande vyembamba na kusomwa kwa darubini ya kawaida. Cha pili hutakiwa kiwe katika kimiminika maalumu, mbali na formalini, kwa ajili ya kipimo cha rangi zing'aazo kinachoonyesha kama kuna kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, zilizojibandika katika utando, na zimejibandika wapi.

Hapa ndipo palipotokea kosa kubwa la kliniki hii. Msaidizi alivitia vipande vyote viwili katika chupa za formalini. Nilipigiwa simu baada ya siku tisa, nikiwa nimekwisha kurudi Lamu, nikaambiwa kipande cha pili hakifai na kwamba nirudi kukatwa upya. Nitawapa haki yao: daktari alinipigia mwenyewe, hakumsingizia dereva wala maabara, alisema "tumekosea sisi, Mwalimu", na kukatwa kwa mara ya pili hakukulipishwa. Lakini nauli ya watu wawili, siku mbili za kazi na mshono mwingine shavuni ni vyangu mimi. Yeyote atakayekwenda na akaambiwa habari ya vipande viwili, naomba aulize pale pale, kwa sauti ya upole, kila kimoja kinatiwa katika chupa gani.

Majibu yalichukua wiki tatu. Daktari alinisomea na kunichorea, nami nayaeleza hapa kwa mfano wangu mwenyewe, kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba ya mawe na najua kuta zinavyougua. Kinga ya mwili ni askari. Kazi yao ni kuwapiga wageni waharibifu, lakini katika magonjwa haya huwageukia wenyeji, na tofauti ya ugonjwa mmoja na mwingine ni mahali wanapopiga. Katika pemfigasi, mmoja wa magonjwa mawili mengine yaliyoshukiwa, kingamwili huishambulia gundi inayoshika seli moja na nyingine, ambayo wataalamu huiita desmogleini. Ni sawa na ukuta ambao chokaa ya kati ya mawe imeyeyuka, mawe yakaachana yenyewe kwa yenyewe. Katika pemfigoidi, ambao ni wa pili, hushambuliwa vishikizo vya chini, utando wote ukaachana na kilichoubeba, kama lipu inayobambuka pande kwa pande ukutani wakati wa kaskazi ikiacha jiwe wazi. Katika laikeni planasi, ambayo ndiyo yangu, hakuna kingamwili iliyojibandika. Ni seli nyeupe zenyewe, za aina ya T, zinazojipanga kama mstari chini ya utando na kuziua seli za safu ya mwisho, moja baada ya moja. Kipande cha kwanza kilionyesha mstari huo. Cha pili kiliondoa shaka ya magonjwa mengine mawili, ambayo nayo yanaweza kuanza kwa fizi nyekundu kama zangu, ndiyo sababu hakikuweza kusamehewa hata baada ya kosa.

Niliuliza swali la kikombe. Alijibu bila kusita: hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa kijiko, si kwa busu. Nilimwomba alirudie mbele ya mtoto wa dada yangu, alirudie kwa sauti, kwa kuwa nilijua habari itafika nyumbani kabla yangu. Kikombe sasa kiko pamoja na vingine.

Matibabu yenyewe ni ya subira. Kwa mashavu nilipewa vidonge vya predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ya kuituliza kinga ya mwili, ambavyo sivimezi; nakiyeyusha kimoja katika maji kidogo, nasukutua kwa dakika kadhaa, kisha natema, halafu sili wala sinywi kwa nusu saa. Kwa fizi, kliniki ilinitengenezea kigamba cha plastiki laini chenye umbo la meno yangu, ambacho ndani yake napaka marhamu ya klobetasoli, steroidi nyingine, ya asilimia 0.05 kiasi kidogo sana, nakivaa, nakivua baada ya muda niliopangiwa. Nikikipima kama bidhaa, kigamba hiki ndicho kitu bora nilichotoka nacho Malindi. Marhamu ikipakwa kwa kidole juu ya fizi mate huisomba mara moja, lakini ndani ya kigamba hutulia pale inapotakiwa. Cha kwanza kilikuwa na ncha iliyonichoma ulimi. Walikisaga mbele yangu kwa dakika tano na hakijanisumbua tena. Kukiosha ni kwa maji ya baridi, maana nilikiweka katika maji ya moto mara moja nikaona kinataka kujikunja.

Dawa za namna hii zina gharama yake mwilini, na daktari alilisema hilo kabla sijauliza: kwa kuwa zinawatuliza askari, kuvu hupata nafasi. Wiki ya tano nilipata weupe ule unaofutika, nikapewa dawa ya kuvu, ile ile niliyopewa duka la dawa mwaka uliopita bila sababu, na safari hii ilifanya kazi kwa kuwa safari hii kuvu walikuwapo kweli. Niliambiwa pia nibadilishe dawa ya meno nitafute isiyo na kile kiungo cha kutoa povu, sodiamu laurili salfeti, na mswaki uwe wa nywele laini kabisa. Dawa ya meno isiyo na povu ni shida kuipata Lamu, mimi huagiza.

Ramadhani ilinikuta katikati ya matibabu. Kusukutua mchana niliogopa, si kwa ajili ya hukumu yake, bali kwa kuwa kinywa kikiwa kikavu mtu humeza bila kukusudia. Daktari, ambaye si Mwislamu, alikwisha kulifikiria kabla sijalitaja. Alinipangia mara tatu: baada ya futari, baada ya tarawehe, na baada ya daku kabla ya adhana, na kigamba nikivae usiku wakati wa kupumzika. Sijaonana na madaktari wengi wanaojua daku ni saa ngapi.

Kwenye benchi la kusubiri, siku ya mshono wa pili, nilikaa karibu na mzee mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto, ambaye midomo yake ilikuwa imechubuka na kifuani ana malengelenge. Alinihadithia mwenyewe kwamba vilianza kinywani miezi minne nyuma. Alipotoka ndani alikuwa ameshika barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mombasa, siku hiyo hiyo, na mwanawe alikuwa ameelezwa namna ya kufika. Sikusikia daktari alimwambia nini, lakini baadaye nilielewa kwa nini kliniki haikumweka. Pemfigasi mara nyingi hutangulia kinywani kabla ya kutokea kwenye ngozi, na kabla dawa za jamii ya steroidi hazijapatikana, katikati ya karne iliyopita, wengi walioipata walikufa nayo. Siku hizi kuna dawa hizo za kumeza, na kuna dawa nyingine, rituksimabu, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huo mwaka 2018, lakini hayo ni matibabu ya hospitali, yenye vipimo vya damu na uangalizi wa karibu, si ya chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Kliniki inayojua pa kuishia ina thamani kubwa kuliko inayojaribu kila kitu, na kwa hili naipa alama zote.

Mapokezi siyapi. Mara ya pili nilipofika, binti wa mezani alisahau jina langu akaita mbele ya watu kumi na wawili, "yule mama wa vidonda vya mdomo aingie." Niliingia kichwa kimeinama. Nilimweleza daktari, na tangu hapo huitwa kwa jina, lakini lililokwisha kusemwa barazani halirudi. Bei nayo haisemwi mapema. Kumwona daktari ni shilingi 2,000 na hilo limebandikwa ukutani. Kipimo cha Nairobi, shilingi 13,500 kwa vipande viwili, niliambiwa nikiwa nimesimama kwenye dirisha la kulipia na pamba bado iko shavuni, siwezi hata kubishana. Ni afadhali mtu aambiwe kabla hajapanda boti.

Nilipo sasa: mashavu hayaumi, mistari ipo, fizi ni nyekundu kidogo upande mmoja. Mofa naula bila kuuloweka. Pilipili bado. Daktari hakunidanganya kwamba nitapona. Alisema ugonjwa huu hutulia na huamka, na kwamba kwa takriban mtu mmoja kati ya 100, kwa miaka mingi, huweza kugeuka saratani, ndiyo maana hunipiga picha za mashavu na fizi kila baada ya miezi sita na kuzilinganisha na za nyuma kwenye kompyuta, doa kwa doa, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake naona. Hunipigia simu wiki moja kabla ya miadi. Ugonjwa wa namna hii dawa zake unaweza kuzinunua popote. Kinachokosekana ni mtu anayekumbuka kinywa chako kilikuwaje mwaka jana.

Limebaki jambo la karatasi. Kila mgonjwa hupewa karatasi ya maelezo ya ugonjwa wake, nzuri, yenye picha, lakini imeandikwa kwa Kiingereza tupu, wakati nusu ya waliokaa kwenye benchi lile hawawezi kuisoma. Nilijitolea kuitafsiri bila malipo, nikaifanya kwa siku nne, nikawapelekea ikiwa imepigwa chapa. Daktari aliipokea kwa mikono miwili. Nilipokwenda mwezi jana bado ile ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa mezani, na yangu, nilipouliza, ilikuwa ndani ya droo, chini ya stakabadhi.